Rusumo ya kwenye simu na Rusumo ya kwenye ardhi



Naomba leo tuanze na mfano. Vijana wanne wameketi barazani Kariakoo, jijini Dar es Salaam, baada ya swala ya Magharibi. Mmoja anafungua simu na kuwaonyesha wenzake klipu isiyozidi sekunde 20. Maji meupe yanaporomoka kwenye mwamba, juu yake kuna daraja, na nyuma yake vilima vya kijani vilivyofunikwa na ukungu. Muziki laini unapigwa, na maandishi yanapita chini yakisema kuwa hapo ndipo pepo ya duniani. Mahali penyewe ni Maporomoko ya Rusumo, wilayani Ngara, mkoani Kagera. Muadhini anapoadhini Isha, vijana wale wameshakubaliana: mwezi ujao wanakwenda Rusumo. Watatu wana akiba kidogo. Wa nne hana kitu, lakini hataki kubaki nyuma. Anaichukua simu ileile iliyomwonyesha maporomoko na kuomba mkopo wa haraka wenye riba, ile mikopo ambayo wananchi wameipa jina la "kausha damu".

Vijana hawa nimewatunga mimi kwa ajili ya darsa hii. Hata hivyo, sidhani kama kuna mkazi wa mjini asiyewajua. Wengine tunaishi nao nyumba moja, na baadhi yetu ndio sisi wenyewe. Safari za siku hizi zinaanzia mtandaoni. Mtu huona picha, akatamani, akapanga, akalipa, kisha akafika na kukuta kitu kingine. Akirudi huona haya kusema ukweli, naye hurusha picha iliyochaguliwa na kupambwa ili asionekane amepoteza fedha. Aliyedanganywa anageuka kuwa mdanganyifu wa wenzake. Hapo ndipo palipo na tatizo, na hapo ndipo dini yetu ina neno la kusema.

Kitu ambacho picha haikusema

Tuiangalie Rusumo kama ilivyo. Maporomoko haya yako kwenye Mto Kagera, karibu na pale Mto Ruvubu unapokutana nao, katika mpaka wa Tanzania na Rwanda. Urefu wake wa kuanguka ni kiasi cha mita 15, na upana wake kiasi cha mita 40. Maporomoko ya Kalambo, kule Rukwa, yanaanguka zaidi ya mita 200. Kwa hiyo anayekwenda Rusumo akitarajia ukuta wa maji unaogusa mawingu atasikitika. Klipu ilipigwa kwa karibu, kutoka chini kwenda juu, na mita 15 zikaonekana kama 100.

Pili, Rusumo ni mpaka. Daraja lililomo katika ile klipu lina urefu wa mita 80, nalo pamoja na kituo cha pamoja cha huduma za mpakani vilijengwa kwa msaada wa Japani na kuzinduliwa rasmi tarehe 6 Aprili 2016 na Rais John Magufuli pamoja na Rais Paul Kagame. Hapo kuna askari, maofisa wa uhamiaji, watu wa forodha na mawakala wao. Kuna malori ya makontena na matangi ya mafuta yanayotoka bandari ya Dar es Salaam kwenda Rwanda, kuna madereva na utingo, kuna mama lishe na watu wa kubadilisha fedha. Malori yakivuka hubadili upande wa barabara, kwa sababu sisi tunaendesha kushoto na wenzetu wa Rwanda wanaendesha kulia. Eneo kama hilo si bustani ya kupigia picha upendavyo. Ni lazima uulize na kuomba ruhusa kabla hujainua simu, la sivyo utajikuta unajibu maswali ambayo hukuyatarajia.

Tatu, maji yenyewe yana kazi. Mwaka 2017 ulianza ujenzi wa mradi wa umeme wa Rusumo wa megawati 80, unaomilikiwa kwa pamoja na Tanzania, Rwanda na Burundi. Bwawa limejengwa juu ya maporomoko, na sehemu ya maji hupitishwa kwenye handaki kwenda kuzungusha mitambo. Umeme huo ni neema kwa watu wa nchi tatu. Lakini maji yaliyopita kwenye handaki hayapiti tena kwenye mwamba. Huwezi kuitegemea klipu iliyopigwa zamani, au iliyopigwa msimu wa mvua kubwa, ikuambie utakachokikuta siku utakayofika wewe.

Na kuna barabara. Kutoka Dar es Salaam hadi Rusumo ni zaidi ya kilomita 1,200: Morogoro, Dodoma, Singida, Nzega, Kahama, kisha Nyakanazi na Lusahunga katika wilaya ya Biharamulo, halafu Benaco, ndipo mpakani. Wasafiri wa miaka ya 2000 wanakumbuka jinsi mabasi yalivyopita misitu ya Biharamulo kwa msafara, yakisindikizwa na polisi wenye silaha kwa kuhofia majambazi. Leo, Alhamdulillah, hali si ile, na sehemu ya misitu hiyo tangu mwaka 2019 imo katika Hifadhi ya Taifa ya Burigi-Chato. Lakini umbali haujapungua hata hatua moja. Miguu itavimba, usingizi utakatika, chakula kitakuwa cha vituo vya mabasi. Katika zile sekunde 20 hayo yote hayamo.

Mtume (rehma na amani zimshukie) alitutangulia katika hili. Katika hadithi iliyopokewa na Bukhari na Muslim kutoka kwa Abu Huraira, ametufundisha kwamba safari ni sehemu ya adhabu, kwani humnyima mtu usingizi wake, chakula chake na kinywaji chake, na kwamba mtu akimaliza haja yake aharakishe kurudi kwa watu wake. Hakutukataza kusafiri, na yeye mwenyewe alisafiri. Alitueleza safari ilivyo ili tusiingie tukiwa tumefumba macho. Linganisha mafunzo hayo na mtandao unaotuambia kuwa safari ni raha mwanzo hadi mwisho.

Simu na jua

Kuna jambo jingine dogo ambalo Mwislamu anayekwenda Ngara hana budi kulijua. Rusumo iko magharibi sana ya Dar es Salaam, na jua huchwa huko kiasi cha nusu saa baada ya kuchwa Dar es Salaam. Tuseme kijana wetu amefunga sunna ya Alhamisi. Ratiba ya swala iliyo katika simu yake bado imewekwa Dar es Salaam, hakuibadilisha. Simu inaadhini Magharibi. Anachukua tende. Lakini akiinua macho atauona jua bado liko juu ya vilima. Je, aifuate simu au alifuate jua?

Kila mtu anajua jibu. Na akisogea darajani, simu hiyohiyo huenda ikanasa mtandao wa Rwanda na kurudisha saa nyuma kwa saa nzima, kwa kuwa saa za Rwanda ziko nyuma ya zetu. Katika dakika chache simu imesema mambo mawili tofauti, na jua halikutikisika. Sheria ya swala na funga imefungwa kwenye alama alizoziweka Mwenyezi Mungu mbinguni, na simu ni chombo cha kutusaidia kuzijua tu. Ikigongana na alama yenyewe, inawekwa pembeni. Basi ikiwa hatukubali kufuturu kwa kauli ya simu pale macho yanapoipinga, kwa nini tunakubali kukopa kwa riba kwa ushahidi wa klipu moja?

Daraja lililopitisha watu 250,000

Sasa nifike kwenye jambo zito zaidi, ambalo ndilo hasa lililonifanya niichague Rusumo.

Mwezi Aprili mwaka 1994 mauaji ya kimbari yalianza nchini Rwanda. Watu waliuawa mchana kweupe, na maiti nyingi zikatupwa mitoni. Mto Kagera ukazibeba, ukazipitisha katika maporomoko haya haya ya Rusumo, ukazifikisha Ziwa Victoria. Wavuvi na wanavijiji wa upande wa Uganda walizitoa majini na kuzizika kwa maelfu. Hadi leo kuna makaburi ya kumbukumbu huko Kasensero, kando ya ziwa.

Tarehe 28 na 29 Aprili mwaka huohuo, kwa makadirio ya Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi, watu wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo kuingia Ngara ndani ya muda wa saa 24. Kabla ya hapo shirika hilo halikuwa limewahi kushuhudia watu wengi kiasi hicho wakivuka mpaka kwa muda mfupi namna ile. Wakaelekezwa Benaco, na kambi ya Benaco ikawa mji mkubwa wa maturubai ndani ya siku chache. Wenyeji wa Ngara, ambao wengi wao walikuwa wakulima wa migomba na maharage, waliamka wakakuta wageni ni wengi kuliko wao. Kuni zikaisha, visima vikakauka. Mwezi Desemba 1996 Serikali ya Tanzania ilitaka wakimbizi wa Rwanda warudi kwao kabla mwaka haujaisha, na umati ule ukarudi kwa miguu katika njia ileile, juu ya daraja lilelile la zamani.

Wapiga picha wa dunia nzima walikuja Ngara mwaka 1994. Picha zao hazikuwa za uongo. Zilionyesha akina mama wenye mizigo kichwani, watoto waliopotea, moshi wa maelfu ya mafiga. Na bado hazikusema yote. Katika umati ule walikuwamo watu waliokimbia kifo kwa dhati, na walikuwamo wauaji waliokimbia haki. Wote walibeba magodoro na sufuria, na wote walionekana wachovu. Picha haiwezi kukuambia ni mkono upi ulioshika panga wiki iliyopita na ni mkono upi uliozika watoto wake. Ilihitaji watu wa kuuliza, kusikiliza na kupeleleza, na kazi hiyo ilichukua miaka mingi.

Hapa pana funzo kubwa, ndugu msomaji. Ikiwa picha ya kweli, iliyopigwa na mtu mwenye nia ya kutoa habari, inaweza kuacha nje nusu ya ukweli, itakuwaje ile iliyopigwa na mtu mwenye nia ya kusifiwa? Na huyu anayesimama leo mbele ya maji ya Rusumo, akageuza mgongo, akatabasamu na kuandika kwamba amefika peponi, anajua maji yale yamebeba nini? Simlaumu kwa kutojua. Namlaumu kwa kutouliza.

Dini inasemaje?

Kwanza, Mwenyezi Mungu katika Sura ya Al-Hujurat (49:6) anatuamrisha tunapoletewa habari na mtu asiyeaminika tuipeleleze, tusije tukawadhuru watu kwa kutojua kisha tukajuta. Wengi tunaisoma aya hii katika mambo ya fitina na siasa. Lakini klipu nayo ni habari, na anayeirusha kwa kawaida humjui. Anayeweza kudhurika ni wewe, mkeo na wanao ambao fedha yao ya chakula imelipa nauli. Na katika Sura ya Al-Israa (17:36) tumekatazwa kufuata tusilolijua, na kuonywa kwamba masikio, macho na moyo vyote vitaulizwa.

Pili, kusikia habari hakulingani na kuona. Imam Ahmad amepokea kutoka kwa Ibn Abbas hadithi yenye maana hiyo, na ndani yake Mtume (rehma na amani zimshukie) akatoa mfano wa Nabii Musa (amani imshukie): Mola wake alimpa habari kwamba watu wake wameabudu ndama, naye hakuzitupa mbao, alipowaona kwa macho yake, akazitupa. Ikiwa Nabii aliyepewa habari na Mola wake Mkweli alipata athari nyingine alipoona, sisi tunaopewa habari na mgeni wa mtandaoni tunatarajia nini?

Tatu, Bukhari na Muslim wamepokea kutoka kwa Asmaa binti Abubakar kuwa Mtume (rehma na amani zimshukie) alimfananisha mtu anayejionyesha kuwa na kitu ambacho hakupewa na mtu aliyevaa nguo mbili za uongo. Tafakari juu ya mfano huo. Aliyelala kwenye benchi la kituo cha basi akapiga picha mbele ya hoteli asiyolala amevaa nguo hizo. Aliyekaa Rusumo dakika 10 akaandika kana kwamba alikaa wiki amezivaa vilevile.

Nne, Qur'ani imetuhimiza mara nyingi kutembea katika ardhi, lakini kila mara imetaja sababu. Katika 29:20 ni ili tuone jinsi Mwenyezi Mungu alivyoanzisha uumbaji. Katika 3:137 ni ili tuone mwisho wa waliokadhibisha. Katika 22:46 ni ili tuwe na nyoyo za kufahamu, kwani macho si yanayopofuka bali nyoyo. Msafiri ameagizwa kuangalia. Hakuagizwa kuangaliwa. Mtume alipopita Hijr, makazi ya Thamud, akiwa njiani kwenda Tabuk, aliwataka masahaba wasiingie makazi ya walioadhibiwa ila wakiwa katika hali ya kulia. Rusumo si mahali pa watu walioadhibiwa. Waliopita katika maji yale wengi wao walidhulumiwa. Lakini kama makazi ya madhalimu yanapitwa kwa unyenyekevu, njia waliyopita waliodhulumiwa inastahili adabu kubwa zaidi.

Msafiri wetu mkubwa Ibn Battuta alifika Mombasa na Kilwa mwaka 1331. Katika maelezo yake aliwasifu watu wa Mombasa kwa dini yao na kwa misikiti yao ya mbao iliyojengwa vizuri. Lakini alisema pia kwamba kisiwa kile hakikuwa na mazao ya nafaka, na chakula kililetwa kutoka pwani ya bara. Alitaja neema na upungufu, na msafiri aliyemfuata alijua abebe nini. Huo ndio uaminifu wa mtu aliyerudi kutoka safarini.

Tufanye nini?

Kabla ya safari, tafuta habari kwa mtu anayeishi huko. Tanzania ni nchi ya Waislamu waliotapakaa kila wilaya. Piga simu, uliza msikitini kwako nani ametoka Ngara au Biharamulo, uliza barabara, hali ya hewa, malazi, msimu na taratibu za mpakani. Ulizia yale ambayo klipu haikuyataja, siyo yale uliyokwisha kuyaona.

Usikope kwa riba ili uende kutembea. Hija ni nguzo ya Uislamu, na bado Mwenyezi Mungu ameifaradhisha kwa mwenye uwezo wa kuifikia tu (3:97). Ikiwa Nyumba Tukufu haimlazimu asiye na uwezo, ni nani aliyekulazimisha Rusumo? Katika dua ya safari aliyoipokea Muslim kutoka kwa Ibn Umar, Mtume alijikinga kwa Mwenyezi Mungu na taabu ya safari, na mandhari ya kuhuzunisha, na marejeo mabaya katika mali na watu wa nyumbani. Basi mwenye kuisoma dua hiyo akiwa ndani ya basi lililolipiwa kwa riba anajikinga na jambo ambalo ameshalitengeneza kwa mkono wake.

Ukiwa safarini, weka simu mfukoni kwanza. Swali swala zako kwa wakati wa mahali ulipo, na uitumie ruhusa ya kupunguza. Wasalimie wenyeji. Mzee wa Ngara aliyekuwapo mwaka 1994 ana mambo ya kukueleza ambayo hayamo katika klipu yoyote.

Ukirudi, sema kweli. Ukirusha picha, andika pia masaa uliyokaa barabarani, gharama uliyolipa, na kwamba maporomoko ni mita 15 na siyo 100. Utapata sifa chache. Lakini kuna kijana mahali fulani atakayekusoma, akahesabu fedha zake, akaamua kusubiri hadi aweze. Huyo umemnusuru na deni, na thawabu yake iko kwa Mwenyezi Mungu.

Nisieleweke vibaya. Sisemi watu wasiende Rusumo. Anayefika akiwa anajua anachokwenda kukiona hatasikitika. Ataona mito inavyokutana na maji yanayokwenda Ziwa Victoria na kuishia katika Nile. Ataona nchi tatu zilizoamua kugawana umeme wa mto mmoja, baada ya mto huohuo kubeba maiti. Ataona malori yakipita kwa amani juu ya korongo ambalo watu 250,000 walilivuka kwa hofu. Atasema Subhanallah, na atakuwa anajua kwa nini ameisema.

Tumrudie yule kijana wa nne wa Kariakoo. Bado yuko barazani, simu mkononi, kidole kiko juu ya kitufe cha kukubali mkopo. Imam amekwishakimu swala. Wewe uliyekaa pembeni yake umesoma makala hii hadi hapa. Mwambie neno kabla hajabonyeza.

Wallahu a'lam.